Ng'ombe Wakali wa Endabash

Kijijini kwetu, upande wa Endabash, mtu akivunjika haulizwi anapelekwa hospitali gani. Swali ni moja tu: "Ama Angelina yupo nyumbani?"

Ama kwa Kiiraqw ni bibi, na yeye tunamwita hivyo sote, hata wazee wanaomzidi umri. Ni mfupi, mwembamba, ananusa ugoro na kupiga chafya zinazoshtua kuku. Lakini mikono yake! Mikubwa, mizito, kama aliiazima kwa mchimba visima akasahau kuirudisha. Anaweka kidole gumba juu ya ngozi yako, anafumba macho, anakitembeza taratibu kama mtu anayetafuta swichi gizani, halafu anasema, "Hapa." Hapo ndipo unapopiga kelele.

"Lia tu," anasema. "Kilio hakijawahi kuvunja kitu."

Anapaka mafuta ya kondoo, anavuta, anapanga fito, anafunga kwa vitambaa vya khanga kuukuu. Watu wanatoka mpaka Mbulu kumfuata. Siku moja aliletwa Jackson, dereva wa watalii, aliyeanguka kutoka juu ya gari lake akifunga turubai. Alipokuwa amelala pale kwenye ngozi ya kulazia wagonjwa, mguu umeshafungwa, akaingia mama mmoja mkono umevimba. Ama akamuuliza kama anavyowauliza wote, "Umeangushwa na nini?"

"Ng'ombe," akajibu yule mama.

Jackson akainua kichwa. "Ama, mimi kila siku nashuka kreta, kule mbugani. Nyati nawaona kwa macho yangu, hawajagusa mtu mwaka mzima. Ninyi ng'ombe wenu wa maziwa wanavunja wanawake kila mwezi! Nitawaleta wageni huku, wapige picha hatari ya kweli."

Tulicheka sote tuliokuwa uani. Ama naye alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Yule mama mwenye mkono alitabasamu kidogo tu, nikadhani ni maumivu.

Sasa, lile swali la Ama lina mwiko wake. Ukiulizwa umeangushwa na nini, lazima utaje kitu. Taja ng'ombe, punda, ngazi ya dari, jiwe la mtoni, chochote, ila usitaje mtu. Mama yake Ama, aliyemfundisha kazi, alisema mfupa ulio wazi ukisikia jina la mtu unakataa kuungana. Hata wavulana waliovunjana wakipigana uwanjani walisema "mpira". Mimi niliupenda mwiko huo. Niliuona kama adabu fulani nzuri, ya kutolaumiana.

Ama ana watoto watano. Wa tatu ni Leonce, na Leonce amemwoa Lusia, mdogo wake mama yangu tumbo moja. Kwa hiyo kwangu huyo ni baba mdogo, tena yule wa kupendwa. Anaimba besi kwaya ya kigango, na akikuta mtoto njiani hampiti bila utani. Mimi aliniita "Mheshimiwa Selina" tangu nilipoingia sekondari, eti nitakuja kuwa mbunge kwa jinsi ninavyouliza maswali.

Mwezi wa saba, tukiwa tumemaliza kuvuna maharage, Ama alikwenda Dongobesh kumzika kaka yake. Asubuhi moja ya baridi, ukungu bado umelala mashambani, mama mdogo Lusia akaingia kwetu. Mkono wa kushoto alikuwa ameupakata ndani ya khanga kama mtoto mchanga. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

Mama akamtazama, akauliza swali la kijiji. "Ama yupo?"

"Yuko msibani."

"Basi twende kituoni."

Ni hivyo tu. Kama mzee wa Dongobesh angekufa wiki nyingine, mkono ule ungeungwa uani kama kawaida, na mimi leo nisingekuwa na cha kuandika.

Kituo cha afya walimpa dawa ya maumivu, wakaufunga mkono kwa muda, wakatuandikia twende Karatu akapigwe picha. Nesi aliuliza ameumiaje. "Ng'ombe," akasema mama mdogo. Mama yangu akawa anaangalia nje.

Hospitali ya Karatu tulipokelewa na Daktari Yasini, kijana wa pwani, mpole, sweta mbili kwa baridi yetu. Picha ilipotoka akaifungua kwenye kompyuta, akaikuza mara mbili. Kisha akageuza kiti.

"Dada Lusia, huyu ng'ombe ni yuleyule?"

"Yupi, daktari?"

"Wa mara zile nyingine." Akagusa kioo kwa kalamu. "Hapa ni jana. Huu mstari hapa, ni wa zamani. Na penye wa zamani mmoja, nadhani nikipiga picha mkono wa kulia nitakuta mwingine."

Akapiga. Akaukuta.

"Aliyeunga hii mifupa ana mkono mzuri sana," akasema. Nilitaka kujivuna kwa niaba ya Ama, lakini sauti yake haikuwa ya sifa. "Imenyooka kabisa. Kwa nje hakuna anayeweza kujua kitu. Bila picha, hata mimi ningeapa dada hajawahi kuvunjika."

"Ng'ombe wetu ni wakali," nikasema mimi. Kweli nilisema hivyo.

Daktari hakucheka. "Mtu akianguka anaweka kiganja chini, mara nyingi anavunjika hapa karibu na kifundo. Ng'ombe akikupiga teke, ni mguu, ni mbavu. Lakini hapa, katikati, upande wa kidole kidogo..." Akainua mkono wake mwenyewe mbele ya uso, kama anayejikinga jua. "Hapa panavunjika mtu akiwa hivi. Anakinga kichwa."

Nikajikuta nami nimeinua wangu. Sikufikiri, uliinuka wenyewe, ukasimama mbele ya macho yangu, na ule upande wa kidole kidogo ukawa umetazama nje, pale hasa alipoonyesha. Nikaganda hivyo. Yule mama wa kwa Ama, aliyetabasamu kidogo, nilimwona tena kichwani mwangu. Mkono wake ulikuwa umevimba wapi? Palepale.

Mama mdogo Lusia hakuwa amelia njia nzima, na barabara ya kwetu mnaijua mashimo yake. Aliponiona nimeinua mkono ndipo alipoangua kilio.

"Selina, ushushe," akasema. "Ushushe, mwanangu, nakuomba."

Alichopigwa nacho ni mwiko wa kusukumia ugali. Sababu sitaiandika, maana kila aliyenisimulia habari hii baadaye alianza na sababu.

Daktari Yasini alisema matibabu hayangoji karatasi, akamfunga plasta kwanza. Ile fomu ya polisi, PF3, ilikuja baadaye pamoja na Afande Radhia wa Dawati la Jinsia na Watoto. Nilitegemea buti na kirungu. Akaingia mwanamke mnene amevaa dera na ushungi, akaketi kitandani na kuuliza kitu ambacho sikuwahi kusikia mtu mzima akimuuliza mwenzake: "Leo unataka kulala wapi?"

"Watoto wako kule," mama mdogo akajibu.

"Basi tunaanzia kwa watoto."

Jioni hiyohiyo watoto wake wawili walikuwa kwetu, wanakula, na baba mdogo Leonce alikuwa kituo cha polisi. Walimkuta kwenye mazoezi ya kwaya. Alitoka na kitabu cha nyimbo mkononi, wanasema, akiwaambia wenzake waendelee, atarudi sasa hivi.

Alirudi kweli, kwa dhamana, ameamriwa asisogee kwetu. Hakusogea. Aliyesogea ni mzee Hhando, msemaji wa ukoo wao, na wazee wenzake.

"Shemeji," akamwambia mama yangu, "kondoo wa suluhu ameshafungwa kamba, pombe ya asali imeshachujwa. Haya mambo ni ya nyumbani. Twende tukayamalize."

"Huyo kondoo ndiye atakayefungwa plasta?" Mama akauliza.

"Wewe ulimi wako ungekuwa jembe, tungelima mpaka Mbulu."

"Mngelima vipi na mikono imevunjwa?"

Wazee wawili wakakohoa kuficha kicheko. Hhando akaacha utani. Akamgeukia mama mdogo Lusia, aliyekuwa anapukuchua maharage kwa mkono mmoja, na kusema taratibu:

"Mwanangu, sikiliza. Leonce atasema ulianguka na gunia kutoka darini. Na shahidi wake ni mama yake mzazi. Ama atasimama pale aeleze ulichomwambia kwa mdomo wako mwenyewe. Ng'ombe. Ngazi. Si ulisema? Kesi itaanguka. Ikianguka utarudi kwa mumeo, na usiporudi, watoto ni wa ukoo, watarudi wao. Bora urudi na kondoo kuliko kurudi na aibu."

Mama mdogo aliendelea kupukuchua. Maharage yalikuwa yanadondoka nje ya ungo, moja moja, na yeye haoni.

Nilishindwa kulala kwa hasira, na kesho yake nikaenda kwa Ama. Alikuwa anapepeta.

"Ama, utakwenda mahakamani?"

"Nimeitwa."

"Utasema nini?"

"Wewe uko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Huko hawafundishi kunyamaza?"

"Hawafundishi."

"Basi ada ya baba yako inapotea bure."

Nikakaa chini mbele yake. "Ama, ulijua?"

Akaweka ungo pembeni. Akakitazama kidole gumba chake, akakigeuza huku na huku kama kitu cha mtu mwingine.

"Kidole hiki kinajua kila kitu," akasema. "Mdomo ndio uliokatazwa."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya mfupa! Wewe unadhani kwa nini? Wanaletwa hapa, mume amesimama mlangoni, kaka za mke wamekuja na fimbo. Jina likitajwa tu, ni vita, mgonjwa ananyanyuka, mfupa unachomoka. Mama yangu alisema mfupa ulio wazi ni kama mtoto mchanga, penye ugomvi haulali. Nilitaka mifupa ipone. Imepona yote. Nitajie mmoja ambao haukupona."

"Wakarudi nayo nyumbani."

"Wakarudi nayo," akasema.

Kisha nikauliza, na sijui kwa nini nilikuwa natabasamu, kwa sababu nilikuwa na hakika ya jibu. Mama yangu, kifundo chake cha mkono kinamuuma kila baridi ikianza. Aliungwa na Ama nikiwa mdogo. Ni hadithi ya nyumbani, tunaicheka, punda alimvuta kamba.

"Lakini mama yangu yeye ilikuwa punda kweli, si ndiyo?"

Ama hakujibu. Na katika kule kutojibu kwake nikakumbuka kitu rahisi kabisa, ambacho ningeweza kukikumbuka siku yoyote ya maisha yangu. Hatujawahi kufuga punda.

"Baba yako siku hizi hanywi," Ama akasema, kwa sauti ya upole, kama anayenipa habari za mvua. Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.

Nilipofika nyumbani, Baba alikuwa anatia mpini jembe. "Selina, umekula?" akauliza. Baba yangu, anayenichongea penseli mpaka leo. Nilimpita, nikaingia ndani.

Kesi ilisikilizwa Karatu mjini. Mama mdogo alishatoa ushahidi wake, na Daktari Yasini naye. Siku ya utetezi tulikwenda wote, mpaka Baba. Chumba kidogo, mabenchi ya mbao, dirishani magari ya watalii yanapita kuelekea geti la hifadhi. Baba mdogo Leonce alivaa shati jeupe la kwaya. Hakuwa na wakili, alimhoji shahidi wake mwenyewe, na alijiandaa.

"Shahidi, wewe ni nani kwangu?"

"Acha mchezo, Leonce."

Watu wakacheka. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akagonga meza. "Jibu, mama."

"Ndiye niliyemzaa."

"Mke wangu alipoletwa kwako mara ya kwanza, ulimuuliza kilichomwangusha?"

"Nilimuuliza."

"Akasema nini?"

"Ng'ombe."

"Na mara ya pili?"

"Ngazi ya dari."

"Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulisimama mlangoni."

"Alinitaja jina?"

"Hakukutaja."

"Sina swali jingine, mheshimiwa." Akainama kidogo, kwa heshima, kama anavyoinama baada ya wimbo. Mzee Hhando akakunja mikono kifuani. Mama mdogo Lusia alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

Wakili wa serikali akasimama. "Mama, alipokwambia ng'ombe, wewe uliamini?"

Ama hakumjibu yeye. Alimgeukia hakimu. "Huyu mtoto Lusia wameshamfungua plasta?"

"Hilo linahusiana vipi na swali, mama?"

"Linahusiana. Mfupa ukiwa bado, mimi siwezi kusema."

Hakimu akavua miwani. Kabla hajaamua lolote, mama mdogo alikuwa ameshasimama. Akakunja mkono wa sweta, akauinua ule mkono wa kushoto, mwembamba, umepauka kwa kukaa ndani ya plasta.

"Kunja ngumi," Ama akamwambia kutoka kizimbani. Akakunja. "Fungua. Geuza." Akageuza.

"Mfupa umefunga," Ama akasema. Akavuta pumzi.

"Hakutaja mtu kwa sababu mimi nilikataza. Kwangu hatajwi mtu. Lakini ile mikono yake niliishika mimi. Haikuvunjwa na ng'ombe. Haikuvunjwa na ngazi. Ni Leonce. Mara ya kwanza ni Leonce, na mara ya pili ni Leonce. Hii ya mwisho sikuwepo, daktari ameshawaambia."

"Mama!" Leonce akapiga kelele.

"Nyamaza, sijamaliza. Na wewe, mkono wako wa kushoto. Nilikuunga ukiwa hujui hata kufunga kifungo cha shati. Ndio mfupa wangu wa kwanza niliouunga peke yangu, mama yangu hayupo. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Mimi nikakwambia ni ndama."

Baba mdogo Leonce aliutazama mkono wake wa kushoto. Akaushika kwa wa kulia, akawa anaupapasa juu ya shati, taratibu, kama alivyofanya mama yake kwa watu wote wale.

"Ndama mwekundu," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Nilikuwa namchunga."

"Hatukuwahi kuwa na ndama mwekundu," Ama akasema.

Nimeona watu wakiogopa, nimeona watu wakifiwa. Sijawahi kuona uso kama ule. Nyuma yangu benchi lililia, nikageuka. Baba yangu alikuwa amenyanyuka, anatoka nje, kofia mkononi, hatazami mtu.

Siku ya hukumu Ama alikuja na sweta la kiume ndani ya kikapu. Walipomsomea Leonce kifungo, alimwomba askari, akaruhusiwa kumpa. Leonce alilipokea. Hakusema asante, ila alilivaa.

Mama mdogo Lusia na watoto wamepanga chumba Karatu, anashona sare za shule. Kijijini wapo wanaosema Ama amemla mwanawe, na wapo waliokoma kumsalimia. Kwetu, Baba siku hizi ndiye anayechota maji. Mama anayapokea, hamshukuru. Mimi bado sijajua la kufanya na maneno niliyo nayo, lakini penseli zangu nachonga mwenyewe.

Nilidhani hakuna atakayemwendea Ama tena. Likizo ya Desemba nilikuwa nimekaa naye uani, mvua imekatika tu, akaingia mama mmoja kijana kutoka kijiji cha ng'ambo. Mkono ameufunga kwa khanga shingoni. Mumewe alibaki mlangoni, viatu vina matope, anakung'uta mwavuli.

Yule mama akalala kwenye ngozi, akafumba macho, akajibu hata kabla ya kuulizwa.

"Ng'ombe."

Nikatazama mikono ya Ama. Ilikuwa imelala mapajani, miwili yote, haijanyanyuka.

"Nitakufunga kwa fito usiumie njiani," akasema, "kisha Selina atakusindikiza mpaka hospitali ya Karatu, wakakupige picha. Ila kwanza uniambie, mwanangu." Hakumtazama mgonjwa. Alikuwa anatazama mlangoni. "Huyo ng'ombe anaitwa nani?"